Nani Kichwa cha Nyumba? Waefeso Sura ya Tano Kwenye Njia ya Misafara

Semina za ndoa hapa Tabora nimezifundisha kwa muda mrefu, na karibu kila mara hufika mahali kijana mmoja akasimama akasema kwamba mume ni kichwa cha nyumba, kwa Biblia na kwa mila. Hilo la Biblia humwachia katekista aanze nalo. Hilo la mila ndilo linalonizuia kukaa kimya. Mimi ni mwalimu wa historia niliyestaafu, mzaliwa wa Urambo, mkazi wa Ipuli, na huyo baba ambaye vijana wanamwita wa mila najua alikotoka. Ni baba mwenye mshahara mfukoni, ambaye mkewe hana shamba wala biashara, yuko nyumbani anangoja aachiwe hela ya mboga. Baba huyo hungemkuta katika Unyamwezi wa Mtemi Mirambo, wala humkuti katika barua za Mtume Paulo. Alishuka Tabora kwenye treni. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na nyuma yake zikaja nyumba za reli, malipo ya mwisho wa mwezi, na mafundisho ya ndoa yaliyoshonwa kwa kipimo cha nyumba hizo.

Maneno ya Waefeso sura ya tano ni yale yale tangu yalipofika huku. Lakini kila kizazi cha Wakristo wa njia hii kimeyasoma kikiwa na nyumba fulani akilini. Ukijua nyumba hiyo ilipata wapi chakula chake, na nani alishika ufunguo wa ghala, utajua kwa nini waliyasoma walivyoyasoma.

Nyumba ya safari

Kabla ya reli, mji huu uliishi kwa miguu ya watu. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipoingia Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, aliwakuta wafanyabiashara Waarabu wametulia kwenye matembe yao, na akaandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ni kipimo cha uanaume. Hilo la uanaume limerudiwa sana vitabuni. La wanawake limerudiwa kidogo, na kumbe walikuwemo njiani. Walibeba vyungu, mikeka, chakula na watoto mgongoni. Wengine walichukua mizigo ya kulipwa kama wanaume. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, amekusanya ushahidi wa kutosha kwamba misafara ya Wanyamwezi haikuwa jeshi la wanaume watupu. Ilikuwa vijiji vinavyotembea.

Mfano ninaoupenda unatoka katika msafara wa David Livingstone. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho, na mwandishi wa habari Stanley, aliyekuja kumtafuta, alipoondoka mwezi Machi alibaki akingoja watu kutoka pwani hadi Agosti. Katika kumbukumbu zake za mwaka huo anamtaja mwanamke aitwaye Ntaoeka, mzuri wa sura na umbo, aliyefuatana na msafara bila mume. Mzee hakupenda hali hiyo. Akamshauri achague mmoja kati ya watu wake watatu: Chuma, Gardner au Mabruki. Ntaoeka akatabasamu tu. Livingstone mwenyewe anasema Chuma alikuwa mvivu mno, na wale wawili hawakuwa na sura ya kumvutia mtu. Baadaye wanawake wenzake walipotaka aolewe, mzee alisema naye tena, na safari hii akakubali kuolewa na Chuma, naye Chuma akaahidi kujirekebisha. Chuma alikuwa Mkristo, amebatizwa Bombay mwaka 1865. Kwa hiyo hapa tunayo ndoa ya Mkristo ya zamani katika njia hii, na aliyewekewa masharti ni bwana harusi.

Katika msafara huo alikuwemo pia Halima, mpishi, mke wa Amoda. Aligombana, akaondoka, kisha akarudi, na Livingstone akaandika kwamba huyo ndiye mhimili wa watu wake: haibi, wala hamruhusu mumewe kuiba. Akaahidi kwamba wakifika Unguja atampa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani. Livingstone alifariki mwaka 1873 kabla ya kuitimiza ahadi hiyo. Kila ninaposoma habari za Halima najiuliza: katika nyumba ambayo mke ndiye anayemzuia mume asiibe, kichwa ni yupi?

Nyumbani nako mambo hayakuwa kama vijana wangu wanavyodhani. Ndoa za Kinyamwezi zilikuwa za aina mbili. Palikuwa na ndoa ya kukwa, yaani mume ametoa mali, na watoto wakawa wa ukoo wake. Palikuwa na butende, ndoa isiyo na mahari, ambayo watoto walibaki upande wa mama. Mume alipokwenda pwani, safari ya kwenda na kurudi ilikula miezi mingi. Aliyeamua ni shamba lipi lilimwe kwanza mvua zikianza Novemba, mtama kiasi gani utunzwe kwa mbegu, na nani akopeshwe, alikuwa mwanamke aliyebaki. Hata kwenye utemi wanawake hawakuwa wageni. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipojilipua na baruti mwezi Januari 1893, badala ya kukamatwa na Wajerumani, kiti chake kilikaliwa na mwanamke, Nyaso.

Wala sisemi zamani ilikuwa pepo ya wanawake. Njia iliyopitisha pembe za ndovu ndiyo iliyopitisha watu kwenye minyororo, na wengi wao walikuwa wanawake. Matajiri wa Tabora walijaza nyumba zao mateka wa kike, na Wanyamwezi waliopata mali ya safari nao walinunua watumwa wa kuwalimia. Mke aliyenunuliwa hakuwa na mjomba wa kuja kuuliza habari zake. Kwa upande mwingine, ndoa ya wakubwa ilikuwa mkataba wa biashara: baba yake mfanyabiashara Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ikamfungulia milango. Kwa hiyo ukiuliza mwanamke wa Unyamwezi wa mwaka 1870 alikuwa na hadhi gani, jibu linategemea unamuuliza yupi. Lakini mke asiye na jembe, asiye na ghala na asiye na neno, ambaye si mtumwa, utamtafuta sana.

Nyumba ya misheni

Injili ilikuja kwa njia ile ile, mgongoni mwa wapagazi wale wale. Mwaka 1879 Daktari Ebenezer Southon wa Jumuiya ya Misioni ya London alikaribishwa na Mirambo huko Urambo. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walikwisha kupita Tabora mwaka 1878, wakafungua kituo Kipalapala katika miaka ya 1880, wakakiacha mwaka 1889 hali ilipochafuka, kisha wakarudi kwa nguvu: Ushirombo mwaka 1891, Ndala mwaka 1896, Tabora mjini mwaka 1900. Wamoravian waliipokea Urambo kutoka kwa Jumuiya ya London mwaka 1898, wakafika Sikonge mwaka 1902.

Waumini wa kwanza wa vituo vya Mapadri Weupe walikuwa kwa sehemu kubwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Hawakuwa na ukoo wa kuwaposea wala wa kupokea mahari, kwa hiyo misheni ndiyo iliyokuwa baba, mjomba na mshenga. Adrian Atiman ni mfano wa kizazi hicho. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akapita njia yetu na msafara wa mwaka 1888 kwenda Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Huko alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi, akawatibu watu hadi kifo chake mwaka 1956. Mtoto wao Joseph akawa padri.

Mafundisho ya ndoa ya wakati huo yalikuwa na sura mbili, na haki inanitaka niziseme zote. Kwanza, yalimpa mwanamke kitu kikubwa: neno lake. Kwa sheria ya Kanisa, ndoa haikuwa ndoa mpaka bibi harusi atamke kwa kinywa chake kwamba anataka. Binti aliyekuwa anapelekwa kwa mzee mwenye wake wanne aliweza kukimbilia misheni akasema sitaki, na padri akasimama naye. Yalimfunga pia mume, kwamba mke ni mmoja hadi kifo.

Sura ya pili ilikuwa ngumu. Mwanamume mwenye wake wengi aliyetaka ubatizo alitakiwa abaki na mmoja. Papa Pius V alikwisha kutoa ruhusa mwaka 1571, kwa ajili ya nchi za mbali na hii, kwamba mume wa namna hiyo anaweza kubaki na yule mke atakayebatizwa pamoja naye. Wake walioachwa walirudi kwao, na watoto wao wakabaki kati ya nyumba mbili. Na mke aliyebaki alifundishwa kwamba nyumba ina kichwa kimoja, na si yeye. Papa Leo XIII alikwisha kuliandika hilo mwaka 1880 katika barua yake kuhusu ndoa, na Waprotestanti wa wakati ule hawakuwa mbali naye kwa hilo.

Hapa ndipo pananishangaza kama mwalimu wa historia. Soma fungu lote la Waefeso, usiishie katikati. Linaanza mstari wa 21 wa sura ya tano, ambapo Wakristo wote wanaambiwa watiiane wao kwa wao. Kisha linasema na wake na waume. Likiingia sura ya sita linasema na watoto na wazazi. Halafu, bila kupumua, linasema na watumwa na mabwana, na watumwa wanaambiwa watii. Jozi tatu katika fungu moja, kwa mwandishi mmoja.

Sasa fikiria linasomwa wapi. Linasomwa Tabora, mji ambao soko lake lilijaa watu wa kuuzwa, na wanaolisoma ni watoto wa kiroho wa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ambaye mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya, Paris na London ikiwemo, akihubiri kwamba utumwa ni dhambi mbele za Mungu. Mapadri wake hawakuja kumhubiria mtumwa arudi akamtii bwana wake kwa sababu Paulo amesema. Walikomboa watumwa. Jozi ya tatu waliisoma kwa kuuliza Paulo alikuwa anasema na nani, wakati gani, na moyo wa Injili unaelekea wapi. Jozi ya kwanza waliisoma neno kwa neno. Serikali nayo ilikuja nyuma yao polepole: Wajerumani waliupunguza utumwa kidogo kidogo, na sheria iliyoufuta kabisa Tanganyika ni ya Waingereza, ya mwaka 1922. Mimi sijawahi kusikia mahubiri ya kumtaka mtu amtii bwana wake aliyemnunua. Mstari bado upo ukurasa ule ule.

Wala Wamoravian wasidhani nawasahau, maana ndio walionibatiza. Kanisa lao lilitoka Herrnhut, Ujerumani, ambako katika karne ya 18 ndoa za ndugu ziliamuliwa kwa kura: jina linapendekezwa, kura inapigwa, na jibu linapokelewa kama mapenzi ya Mwokozi. Mtu angesema wakati ule kwamba kura ina msingi wa Biblia, na angekuonyesha mistari. Sinodi yao ya mwaka 1818 iliacha kuilazimisha kwa ndoa. Miaka 80 baadaye walipopiga hema Urambo, hakuna aliyewafundisha Wanyamwezi kuoa kwa kura. Wamisionari wenyewe, basi, walifika huku wakiwa na historia ya kubadili usomaji wao wa ndoa.

Nyumba ya mshahara

Treni ilipokuja, misafara ilikufa, na pamoja nayo ikafa ile nyumba ya safari. Wanaume walikwenda kazi za reli, au walipanda mabehewa kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Bibi yangu mzaa mama alifunga ndoa Ndala katika miaka ya 1930, akaletwa Tabora kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alizoea kusimulia kwamba hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliomba hela ya chumvi. Ndala alikuwa na shamba lake na karanga zake, chumvi alibadilishana. Mjini alikuwa na chumba, jiko na mume mwenye mshahara. Mwaka wa pili akatafuta kipande cha ardhi nje ya mji, akapanda viazi, akaanika michembe akauza. Babu hakufurahi. Alifundishwa katekisimu kwamba mume Mkristo humlisha mkewe, na akaona watu watamcheka. Bibi alimjibu kwamba hata mama yake babu alilima akamlisha baba yake babu alipokuwa Bagamoyo. Mabishano yakaishia hapo, michembe ikaendelea.

Angalia tarehe. Mwishoni mwa mwaka 1930 Papa Pius XI alitoa barua yake kuhusu ndoa ya Kikristo, akafundisha kwamba mume ni kichwa cha nyumba na mke ni moyo wake. Hakuwaza watu wa Ndala. Aliwaza Ulaya ya viwanda, ambako wanawake walikuwa wakitoka kwenda kazini na yeye akaogopa kwamba nyumba zitavunjika. Mafundisho hayo yalipofika Tabora yalikuta nyumba za reli zimekwisha kujengwa, zikiwa na umbo lile lile alilolitetea. Yakaingia kama mkono kwenye mfuko. Serikali ya kikoloni nayo ilisukuma upande huo huo. Shule ya Serikali ya Tabora ya wavulana ilianza mwaka 1925 kuwaandaa watoto wa watemi kutawala. Ya wasichana ilifuata mwaka 1928, na katika shule za wasichana za enzi hiyo kushona na kupika kulichukua saa nyingi za ratiba.

Hata hivyo, ndani ya Kanisa hilo hilo alikuwemo aliyeanza kuuliza. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na kubatizwa mwaka 1943, akiwa Makerere aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akitumia hoja za Mwingereza John Stuart Mill. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa Mtemi Burito. Kijana huyo hakuhitaji kitabu kumwambia mke anabeba nini; Mill alimpa tu jinsi ya kulipanga. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1949 alirudi Tabora kufundisha shule ya misheni, St. Mary's.

Urambo, nyumba ya mshahara ilikuja kwa sura ya tumbaku. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulikufa, na ardhi ikageukia tumbaku. Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa. Tumbaku ni zao la mikono mingi. Mama ndiye aliyemwagilia kitalu, akahamisha miche, akachuma majani ya chini kwanza kisha ya juu, akayafunga kwenye fito, akayapandisha kwenye bani la kukaushia, akaamka usiku kulisha moto usizimike. Wakati wa kupanga madaraja alilijua jani kwa kulishika tu. Baba alikuwa akimletea lile linalomtatiza. Siku ya malipo kwenye karatasi kulikuwa na jina moja, la baba.

Baba hakuwa mtu mkorofi. Alisali nasi kila jioni, na alipofika Waefeso alianzia mstari wa 22. Jioni moja mama, mikono bado ina utomvu mweusi wa tumbaku, alimwambia, "Baba watoto, anzia huo wa juu yake." Baba akausoma ule wa 21. Akanyamaza kidogo, akaendelea mbele. Malipo ya mwaka ule yalikwenda kama kawaida.

Nyumba ya sheria

Nilipokuwa nikikua, mambo mawili yalifika karibu kwa pamoja, moja kutoka Roma na moja kutoka Dar es Salaam. Marko Mihayo, askofu mkuu wa Tabora tangu mwaka 1960, alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1965 Mtaguso huo uliieleza ndoa kama ushirika wa maisha na wa upendo, ukasema waziwazi kwamba mume na mke wana hadhi sawa. Nchini, mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinasema mwanandoa hana haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kumpiga. Sheria hiyo ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake, na ikamzuia mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nilifikiria mikono ya mama niliposoma hukumu hiyo.

Wanawake hawakungoja waelezwe. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ulianza mwaka 1972, na jumuiya ndogondogo zilipoenea baada ya maaskofu wa Afrika Mashariki kuzipa kipaumbele mwaka 1976, Biblia ilihamia sebuleni na kwenye mikeka chini ya miembe. Kwenye jumuiya anayesoma na kueleza mara nyingi ni mama, maana baba hajafika. Fungu lililosomwa karne nzima na wanaume kutoka mimbarini likaanza kusomwa na wale linaowahusu.

Mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya hadhi ya mwanamke, alifundisha kwamba utii wa Waefeso ni wa pande mbili, mume kwa mke na mke kwa mume, na kwamba kule kutawaliwa kwa mwanamke katika kitabu cha Mwanzo ni tunda la dhambi, si mpango wa Mungu. Kisha akatoa mfano ambao mtu wa Tabora hawezi kuupita: Paulo alisema pia kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala mtu huru, na bado vizazi vingapi vilipita kabla utumwa haujafutwa! Mwaka 2016 Papa Fransisko alirudi hapo hapo, akasema maneno ya Paulo kuhusu utii yamevaa desturi za zama zake, na kwamba tunachotakiwa kushika ni ujumbe, si vazi.

Wapo wasiokubali, na hoja yao si ya kupuuza. Wanasema utumwa ulibuniwa na wanadamu, ndoa aliiweka Mungu tangu uumbaji. Kwa hiyo huwezi kuzipima jozi hizo kwa mzani mmoja. Wanasema pia kwamba Paulo hakutaja desturi, alitaja Kristo na Kanisa. Nakubali kwamba ndoa si utumwa. Lakini wafike mwisho wa hoja yao wenyewe. Kristo anayetajwa pale hakuamuru hela ya mboga iombwe. Alijitoa kufa. Mume anayetaka cheo cha kichwa kwa mfano huo ameomba msalaba, na mpaka leo sijamwona kwenye semina kijana aliyeomba hicho. Wengi wanaomba kiti.

Njia ya kukwepa nayo siipendi. Katika Misa ya ndoa, kitabu cha masomo kinaruhusu fungu la Waefeso lisomwe kwa urefu, kuanzia mstari wa 21, au kwa ufupi, kuanzia wa 25, ambapo wake hawatajwi kutii. Mapadri wengi huchagua fupi wasije wakaudhi watu. Mimi naomba refu. Mstari ukiachwa altareni unaokotwa kwenye kicheni pati, na huko unafundishwa bila wa 21 wala wa 25.

Kwenye semina zangu nawapa wachumba karatasi, kila mmoja akae pembe yake, aandike nani ataleta nini nyumbani na nani ataamua nini. Kisha wanasomeana. Hivi karibuni nilikuwa na kijana wa bodaboda na mchumba wake muuguzi. Karatasi zilionyesha kwamba mshahara wa binti ndio utakaolipa kodi ya nyumba. Kijana akanitazama akauliza, "Mama mwalimu, sasa hapo kichwa ni nani?" Nikamwambia amuulize Chuma. Hakumjua. Nikamsimulia habari za Ntaoeka, wenzake wakacheka, na binti akasema yeye pia ana masharti yake. Walikaa wakaandika upya, pamoja, karatasi moja.

Kwa hiyo nasema na makatekista, wachungaji, wasimamizi wa ndoa na mama zetu wa kicheni pati. Msiwaambie vijana kwamba mila na Biblia vinasema jambo moja juu ya baba mwenye nyumba, kwa sababu mila ya nchi hii ilimjua mke mwenye jembe, mzigo na neno lake, na Biblia inaanza na kutiiana. Someni fungu lote, kuanzia mstari wa 21 wa sura ya tano hadi wa 9 wa sura ya sita, watumwa wakiwemo. Mkifika kwa watumwa, waulizeni vijana kwa nini hatulishiki tena neno hilo kama lilivyo. Wakishajibu, rudini nao kwenye ndoa.